Masafa au umbali? Istilahi za kuhamisha umeme bila waya na usanifu wa saketi zake

"Masafa yakiongezeka, ufanisi hupungua." Sentensi hii yaweza kuandikwa na mfasiri yeyote wa mwongozo wa chaja isiyo na waya bila kuvunja kanuni hata moja ya sarufi. Tatizo lake liko kwenye maana. Msomaji mmoja ataielewa kuwa simu ikiinuliwa juu ya chaja, umeme unaoifikia hupungua, naye atakuwa amepata ukweli. Msomaji mwingine ataielewa kuwa mkondo ukibadili mwelekeo mara nyingi zaidi kwa sekunde, umeme unaofika hupungua, naye atakuwa amepata, kwa sehemu kubwa, kinyume cha ukweli. Wote wawili wamesoma Kiswahili sanifu, na wote wawili wana kamusi upande wao.

Makala haya yanaeleza namna saketi za kuhamisha umeme bila waya zinavyofanya kazi na namna zinavyosanifiwa ili zisipoteze umeme mwingi. Pamoja na hayo, yanapendekeza maneno yanayofaa kutumiwa na mwalimu, mwanafunzi na mfasiri ili sentensi moja isibebe maana mbili zinazopingana.

Neno "masafa" na maana zake tatu

Asili ya neno hili ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni umbali wa pahali hadi pahali: safari ya masafa marefu, mkimbiaji wa masafa mafupi. Redio ilipoenea, neno lilichukua maana ya pili. Idhaa ya "masafa mafupi" ni ile inayotumia mawimbi mafupi. Kinachopimwa hapo ni urefu wa wimbi. Baadaye ikaja maana ya tatu: kituo fulani husikika "katika masafa ya" megahezi kadhaa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde.

Maana ya pili na ya tatu hukua kwa kupishana. Wimbi likiwa fupi, mitetemo yake kwa sekunde huwa mingi. Kwa hiyo "masafa mafupi" ya redio ndiyo yenye "masafa ya juu", kati ya megahezi 3 na 30. Katika habari za redio mkanganyiko huu hauna madhara makubwa, kwa sababu muktadha humwongoza msikilizaji. Katika saketi za kuchaji bila waya hali ni tofauti. Umbali kati ya koili mbili na idadi ya mitetemo ya mkondo ni vigezo viwili vikuu vya usanifu, na mara nyingi hutajwa katika aya moja, hata katika sentensi moja.

Suluhisho ni rahisi. Kinachopimwa kwa sentimita au mita kiitwe *umbali*. Kinachopimwa kwa hezi kiitwe *marudio*, neno ambalo baadhi ya waandishi wa fizikia wamelizoea. Ni kweli kwamba "marudio" pia ni kurudiwa kwa jambo, kama marudio ya kipindi, lakini mbele ya neno "kilohezi" hakuna atakayelielewa vibaya. Makala haya yanafuata mgawanyo huo.

Umeme hauruki hewani

Mwaka 1831, mjini London, Michael Faraday alizungushia waya pande mbili za pete ya chuma. Waya wa upande mmoja aliuunga na betri, na wa upande wa pili akauunga na kipimio cha umeme. Sindano ya kipimio ilisogea pale tu betri ilipounganishwa au kukatwa. Mkondo ulipokuwa ukipita kwa utulivu, sindano haikusogea. Kutokana na hilo ilidhihirika kwamba si sumaku yenyewe inayozalisha umeme katika waya wa pili. Ni *kubadilika* kwa uga wa sumaku. Jambo hilo huitwa induksheni.

Hapa ndipo vitenzi vinapohitaji uangalifu. Husemwa kwa kawaida kwamba umeme "unaruka" au "unapita hewani" kutoka kwenye chaja hadi kwenye simu. Hakuna mkondo wa umeme unaovuka nafasi hiyo. Mkondo wa koili ya kwanza hubaki katika koili ya kwanza. Uga wake wa sumaku huenea hadi koili ya pili, na kule unaibua mkondo mwingine. Kitenzi "kurusha" nacho hupotosha, kwa kuwa hukumbusha kurusha matangazo. Mawimbi ya redio huondoka kwenye antena na kwenda zake. Uga wa koili ya kuchaji hubaki karibu na koili, na usipopata wa kuutumia, sehemu kubwa ya nishati yake hurudi katika saketi kila mkondo unapogeuka. Kwa hiyo inafaa kusema kwamba nguvu *inahamishwa*, na kwamba mkondo *unaibuliwa* au *unazalishwa* katika koili ya pili.

Kwa kuwa kinachohitajika ni mabadiliko, mkondo mnyoofu wa betri au wa adapta haufai moja kwa moja. Lazima kwanza ugeuzwe kuwa mkondo geu. Transfoma iliyo juu ya nguzo mtaani hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, lakini koili zake zimezungushiwa kiini kimoja cha chuma kinachokamata karibu uga wote. Simu na chaja hutenganishwa na milimita chache za plastiki na kioo. Gari la umeme na bamba la kuchajia lililo sakafuni hutenganishwa na sentimita kumi au zaidi za hewa. Kazi nzima ya msanifu ni kufidia kukosekana kwa kiini hicho cha pamoja.

Saketi na mzunguko

Neno "mzunguko" hutumiwa kwa njia kamili ya umeme, kwa duru moja ya waya katika koili, na kwa kurudi kwa mkondo mahali ulipoanzia. Agizo "ongeza mzunguko" linaweza kumfanya fundi azungushe waya mara moja zaidi, au aunde njia mpya ya umeme. Inashauriwa njia ya umeme iitwe *saketi*, na neno *mzunguko* liachiwe waya wa koili: koili ya mizunguko kumi.

Saketi ya kuhamisha umeme ina sehemu zinazofuatana. Inveta, ambayo kwa kawaida huundwa kwa transista mbili au nne, hukata mkondo mnyoofu na kuufanya mkondo geu. Mkondo huo hupita katika kapasita na koili ya kutumia. Upande wa pili kuna koili ya kupokea na kapasita yake, kisha saketi ya daiodi au transista inayonyoosha mkondo, na mwisho kidhibiti kinachoipatia betri volti inayostahili.

Usemi "koili ya kutumia" nao una mtego: "kutumia" ni kupeleka, na pia ni kufanyia kazi. Koili ya kutumia yaweza kudhaniwa kuwa ni ile ya mtumiaji, yaani ya simu. *Koili tumaji* na *koili pokezi* ni majina mafupi yasiyochanganya, na ndiyo yatakayotumika kuanzia hapa.

Vipimo viwili vinavyoamua ufanisi

Ufanisi katika mazungumzo ya kawaida ni kufaulu. Katika uhandisi ni uwiano: nguvu inayotoka ikigawanywa kwa nguvu inayoingia. Chaja inayoijaza simu haraka si lazima iwe na ufanisi mkubwa. Huenda inapoteza nyingi njiani.

Ufanisi wa koili mbili hutegemea mambo mawili. La kwanza ni *mfungamano*, unaoandikwa k, ambao ni namba kati ya 0 na 1. Huonyesha ni kwa kiasi gani uga wa koili moja unaifikia nyingine. Katika transfoma nzuri, k hukaribia 1. Kwa magari, mara nyingi huwa kati ya 0.1 na 0.3. Mfungamano hupungua koili zikiachana, na hupungua pia zikikaa upande upande. Umbali ukishazidi ukubwa wa koili, uga hudhoofika kwa kasi: umbali ukiongezeka maradufu, uga hubaki takriban sehemu moja ya nane. Kwa hiyo swali la maana ni umbali huo una uwiano gani na kipenyo cha koili. Sentimita zenyewe zikitajwa peke yake hazielezi mengi.

La pili ni *kipimo cha ubora* wa koili, kinachoandikwa Q. Hupatikana kwa kuzidisha 2π, marudio na induktansi ya koili, kisha kugawanya kwa ukinzani wake. Koili ya mikrohenri 24 katika marudio ya kilohezi 100 hupata takriban omu 15 katika hesabu ya juu. Ukinzani wake ukiwa omu 0.15, Q ni 100.

Vipimo hivi huungana katika namba moja: k mara k, mara Q ya koili tumaji, mara Q ya koili pokezi. Namba hiyo ikiitwa X, ufanisi wa juu kabisa unaowezekana ni X ikigawanywa kwa mraba wa jumla ya 1 na kipeuo cha pili cha 1 + X. Kwa koili mbili zenye Q ya 100 kila moja, hesabu hutoa matokeo haya:

- k ikiwa 0.3, X ni 900, na ufanisi haupiti asilimia 94.
- k ikiwa 0.1, X ni 100, na ufanisi haupiti asilimia 82.
- k ikiwa 0.01, X ni 1, na ufanisi haupiti asilimia 17.

Sasa ile sentensi ya mwanzo inaweza kuhukumiwa. Umbali ukiongezeka, k hupungua, na ufanisi hupungua. Marudio yakiongezeka, Q hupanda, na ufanisi huelekea kupanda. Hata hivyo kupanda huko kuna kikomo. Katika marudio makubwa mkondo haujazi waya wote. Hujikusanya karibu na uso wake. Kwa shaba, katika kilohezi 100, mkondo hukaa hasa katika tabaka la nje lenye kina cha milimita 0.2 hivi, hivyo waya mnene huwa kama bomba tupu, na ukinzani huongezeka. Ndiyo sababu koili hizi hutengenezwa kwa waya wa Litz, ambao ni nyuzi nyingi nyembamba, kila moja ikiwa na kihami chake, zilizosokotwa pamoja. Transista nazo hupoteza nishati kidogo kila zinapofunga na kufungua, na marudio yakiwa mengi hasara hiyo hurundikana. Chaja nyingi za simu za mfumo wa Qi hufanya kazi kati ya takriban kilohezi 100 na 205, na mfumo uliokubaliwa kwa magari hukaa karibu na kilohezi 85. Ni mapatano kati ya hasara hizo zinazovutana, pamoja na sheria za kuzuia mwingiliano na redio.

Resonansi si mwangwi

Koili peke yake hukaidi mkondo geu. Ili mkondo wa kutosha upite, chanzo kingelazimika kutoa volti kubwa, ilhali sehemu kubwa yake haifanyi kazi yoyote. Kapasita huondoa ukaidi huo. Kapasita na koili hubadilishana nishati kama bembea inavyobadilishana mwendo na kimo. Anayeisukuma bembea kidogo, kila mara kwa wakati wake, huifikisha mbali. Anayeisukuma bila kufuata mwendo wake huchoka bure. Koili ya mikrohenri 24 na kapasita ya nanofaradi 100 huwa na mwendo wao wa asili wa takriban kilohezi 103. Chanzo kikifuata marudio hayo, saketi huwa katika resonansi.

Kuiita hali hiyo "mwangwi" si sahihi. Mwangwi ni sauti iliyogonga mlima au ukuta ikarudi, na kila ikirudi huwa imefifia. Resonansi ni kukua kwa mtetemo kutokana na misukumo midogo inayopatana nao. Msomaji aliyepewa "mwangwi" atatafuta kitu kinachorudi kutoka kwenye simu, na hatakipata. Pale ambapo neno resonansi ni geni mno kwa wasomaji, maelezo "kupatana kwa mitetemo" yanatosha.

Inafaa pia ieleweke kwamba resonansi haiongezi mfungamano, wala haizalishi nishati. Mwaka 2007, watafiti wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts nchini Marekani, wakiongozwa na Marin Soljačić, waliwasha balbu ya wati 60 kwa umbali wa zaidi ya mita 2. Koili zao zilikuwa na kipenyo cha sentimita 60, na marudio yalikuwa karibu megahezi 10. Mfungamano ulikuwa mdogo sana, lakini Q ilikuwa kubwa kiasi cha kufidia. Hata hivyo ufanisi ulikuwa takriban asilimia 40. Zaidi ya nusu ya nguvu haikufika kwenye balbu.

Resonansi huleta pia hatari zake. Koili zikikaribiana mno, marudio bora hugawanyika kuwa mawili, na saketi iliyopangwa kwa marudio moja hujikuta bondeni kati ya vilele viwili. Vilevile, katika mpango ambao kapasita zimeungwa kwa mfululizo pande zote mbili, kuondolewa kwa koili pokezi huiacha koili tumaji ikiwa na ukinzani mdogo mno, na mkondo wake huweza kupanda hadi kuharibu transista. Kwa hiyo saketi nzuri lazima itambue kwamba simu imeondolewa, ipunguze nguvu au isimame kabisa.

Hasara huzidishana

Kosa la kawaida katika makala za habari ni kutaja ufanisi wa koili kana kwamba ni ufanisi wa chaja nzima. Inveta ikiwa na asilimia 95, koili asilimia 90, na saketi ya kunyoosha mkondo asilimia 93, ufanisi wa jumla hupatikana kwa kuzidisha: 0.95 × 0.90 × 0.93, yaani takriban asilimia 80. Hakuna sehemu iliyo mbaya katika mnyororo huo, lakini sehemu moja ya tano ya nguvu imepotea. Mfasiri anayekutana na asilimia yoyote hana budi kuuliza: imepimwa kutoka wapi hadi wapi? Jibu hilo liandikwe ndani ya sentensi.

Swali hilo huhitaji pia kutofautisha *nguvu* na *nishati*. Nguvu hupimwa kwa wati, na ni kasi ya kuhamisha nishati. Nishati hupimwa kwa wati-saa. Uniti moja ya umeme inayonunuliwa kwa mita ya tokeni ni kilowati-saa 1. Neno "nguvu" hutumiwa pia kwa msukumo au mvuto, lakini kwa maana hiyo fizikia ina neno *kani*. Betri inayopokea nguvu ya wati 5 kwa saa 3 imepokea nishati ya wati-saa 15. Ufanisi wa jumla ukiwa asilimia 75, zimetumika wati-saa 20, na wati-saa 5 zimekuwa joto. Kwa fedha ni kidogo, maana wati-saa 20 ni sehemu moja ya hamsini ya uniti. Kwa betri si kidogo, kwa kuwa joto huizeesha. Na kwa gari linalovuta kilowati 11, hasara ya asilimia 10 ni kilowati 1.1 za joto, kama pasi ya umeme iliyowashwa kwa saa zote za kuchaji.

Pale ambapo neno moja hugusa usalama

Sarafu ikiwekwa kati ya chaja na simu, uga unaobadilika huibua mikondo ya mviringo ndani yake, nayo hupata moto, kama sufuria juu ya jiko la induksheni. Chaja zilizosanifiwa vyema hulinganisha nguvu iliyotumwa na ile ambayo simu inaripoti kuipokea. Tofauti ikizidi kiasi, huacha kuchaji. Onyo katika mwongozo lisiseme tu "usiweke chuma". Kwa wasomaji wengi chuma ni kile kinachoshika kutu na kuvutwa na sumaku, hivyo karatasi ya alumini na sarafu ya shaba zitaonekana kuruhusiwa. *Metali*, au "kitu chochote cha chuma, shaba au alumini", ndiyo maana inayokusudiwa.

Onyo la pili ni zito zaidi. Baadhi ya watengenezaji wa simu huwashauri watu wenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kukaa zaidi ya sentimita 30 kutoka kwa simu inayochajiwa bila waya. Onyo hilo likiandikwa "zingatia masafa salama", mgonjwa anayejua kidogo habari za redio anaweza kudhani kwamba ni mpangilio wa ndani wa chaja, usiomhusu. "Kaa umbali wa zaidi ya sentimita 30" hakuhitaji ufafanuzi.

Muhtasari wa istilahi

- *Umbali*: nafasi kati ya koili, kwa milimita, sentimita au mita. Usiandike "masafa".
- *Marudio*: idadi ya mitetemo kwa sekunde, kwa hezi.
- *Saketi*: njia kamili ya umeme. *Mzunguko*: duru moja ya waya katika koili.
- *Koili tumaji, koili pokezi*: koili ya chaja na koili ya kifaa kinachochajiwa.
- *Mfungamano* (k): kiasi ambacho uga wa koili moja unaifikia nyingine.
- *Kipimo cha ubora* (Q): uwezo wa koili kubeba mkondo geu bila kupoteza nishati nyingi.
- *Resonansi*: kupatana kwa mitetemo ya saketi na ya chanzo. Si mwangwi.
- *Ufanisi*: nguvu inayotoka ikigawanywa kwa inayoingia, taja mipaka ya kipimo.
- *Nguvu, nishati, kani*: kwa mfuatano, wati, wati-saa au juli, nyutoni.
- *Metali*: kundi zima la chuma, shaba, alumini na jamii yake.

Kwa istilahi hizo, sentensi ya mwanzo huandikwa hivi: "Umbali kati ya koili ukiongezeka, ufanisi hupungua, marudio yakiongezeka, ufanisi hupanda hadi kikomo fulani, kisha hushuka." Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, lakini ina usomaji mmoja tu.